Kabla hujamwaga urea kwenye malisho, pima miraba mitatu

Masika yakikaribia, wafugaji wa huku Chanika huanza kuulizana bei ya mbolea ya urea. Nawaelewa. Nami nafuga ng'ombe wa maziwa, na najua kiangazi cha Dar kinavyomhangaisha mtu kutafuta majani kando ya barabara. Ila ninaloomba ni hili: kama malisho yako yameota yenyewe na yana mchanganyiko wa mimea, usiyamwagie mbolea yote kwa mkupuo. Tenga kipande, upime uone mbolea inavyobadili wingi wa aina za mimea. Mabingobingo uliyopanda kwa mistari ni shamba, hayo yatilie tu.

Chagua sehemu tambarare isiyo na kivuli, na isiwe pale ng'ombe wanapolala, kwa maana mkojo na samadi tayari vimeirutubisha. Pima miraba mitatu ya mita 2 kwa 2, uache nafasi ya mita moja kati ya mmoja na mwingine. Piga vigingi, funga kamba ya katani, kisha zungushia miiba mizito, maana mbuzi wa jirani hawana habari na utafiti wako.

Sasa hesabu, kabla ya kutia chochote. Hapa ndipo watu wengi huwa na haraka, na hapa ndipo penye kazi yote. Tengeneza fremu ya fito ya mita 1 kwa 1, ilaze katikati ya mraba, piga magoti. Ukisimama utaona "majani" basi. Ukiinama utaona ukoka unatambaa na kutoa mizizi kwenye kila pingili. Utaona ndago, ambayo wengi huiita nyasi. Zungusha shina lake kati ya vidole na utahisi pembe tatu. Chini zaidi kuna kifauongo kinachojikunja ukikigusa, kuna mchunga, kuna kongwa, pengine na marejea yenye maua ya njano. Usiyoijua jina, chuma jani lake ulibandike kwenye daftari na ulipe namba. Unachohitaji ni idadi ya aina.

Mraba wa kwanza usiutie kitu. Kwa wa pili, fuata kipimo cha watafiti wa Nutrient Network, wanaofanya jaribio la namna moja kwenye nyika za nchi nyingi: gramu 10 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwaka. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mraba wako wa mita 4 za eneo unahitaji kama gramu 87. Tia nusu masika yakianza na nusu wakati wa vuli. Pima kwa mizani, mkono hudanganya. Mwaga udongo ukiwa na unyevu, kwani juu ya mchanga mkavu wenye joto sehemu ya urea hupotea hewani. Mraba wa tatu utie mbolea ya DAP gramu 200 kwa mwaka, nayo uigawe vivyo hivyo. Itakupa nitrojeni inayokaribia ile ya urea, pamoja na fosforasi, ambayo ndiyo tofauti unayotaka kuiona.

Masika yakiisha, hesabu tena kwa fremu ileile. Kisha kata majani ya mstari mmoja wa upana uleule katika kila mraba, uyakaushe na kuyapima uzito. Kuna uwezekano mkubwa mraba wenye mbolea ukawa mzito zaidi. Jirani yangu alipoona wa kwangu aliniambia, "Mama, si umwage shamba zima sasa!" Nikamwomba ayapanue majani kwa mikono atazame chini. Kulikuwa giza, na kongwa imedhoofika.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Nyasi ndefu zikipata nitrojeni hurefuka na kuifungia mimea mifupi mwanga. Mwaka 2009 watafiti walichapisha jaribio ambamo waliwasha taa chini ya majani yaliyotiwa mbolea, na aina zilizokuwa zikipotea zikabaki. Mimea ya jamii ya mikunde, kama marejea, nayo hupoteza nafasi yake: bakteria wa mizizi yake huipatia nitrojeni kutoka hewani, na faida hiyo huisha ukiigawia mimea yote nitrojeni bure.

Kipimo kinachonigusa zaidi ni cha kiangazi, Agosti na Septemba. Kata na pima tena. Malisho yenye aina nyingi huwa hayaanguki kwa pamoja: moja ikikauka, nyingine bado ina mizizi mirefu au viazi ardhini kama ndago. Kule Cedar Creek, kituo cha utafiti huko Marekani, ukame wa 1988 uliviumiza zaidi viwanja vilivyokuwa na aina chache. Na uchambuzi wa nyika 41 katika mabara matano, uliotoka 2014, ulionyesha kwamba mbolea hudhoofisha ule uwezo wa wingi wa aina kutuliza mavuno yasipande na kushuka mwaka hadi mwaka.

Usitegemee kurudi nyuma kwa urahisi. Huko huko Cedar Creek, mbolea ilisimamishwa, na miaka 20 baadaye aina zilikuwa bado hazijarejea. Kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, ambako jaribio la malisho lilianza 1856, baadhi ya viwanja vilivyotiwa salfeti ya amonia kwa wingi vimebaki na aina 2 au 3 tu; mbolea ile huongeza pia uchachu wa udongo.

Kwa hiyo mimi urea yangu huenda kwenye mabingobingo, na malisho ya asili nayaacha yajitegemee. Wewe ukilazimika kuyatilia, tia kidogo, na usiyaache yarefuke hadi yafunge mwanga: lisha au fyeka mapema, uyabebe uliyokata, jua lifike chini. Miraba yako usiing'oe. Mwakani rudi mwezi uleule, na fremu ileile na daftari lilelile.