Namna ya kumtendea wema Mnigeria bila kumshushia hadhi

Kihausa kina neno mutunci. Limetoka kwenye mutum, yaani mtu, na maana yake ni ile heshima ambayo mtu hujiwekea mwenyewe na kuwawekea wenzake. Kwa Mswahili hapo hakuna la kufafanua: nasi tumetoa utu kwenye mtu. Wayoruba humwita mwenye tabia hiyo ọmọlúàbí. Waigbo nao husema onye kwe, chi ya ekwe: mtu akikubali, chi wake, yule mlinzi aliyezaliwa naye, naye hukubali. Anayekwenda Nigeria kusoma, kufanya biashara au kuoa, ajue jambo moja kabla ya mengine: wema unaomfanya mpokeaji ajione mdogo mbele za watu huhesabiwa dharau, hata ukiwa wa mamilioni.

Nchi ina makabila zaidi ya 250. Hapa tunashika desturi za matatu makubwa, Wahausa wa kaskazini, Wayoruba wa kusini-magharibi na Waigbo wa kusini-mashariki. Ndizo atakazokutana nazo mgeni Kano, Ibadan au Enugu, na Lagos atazikuta zote zimechanganyika.

Anza na salamu, hata ukiwa na haraka

Kosa linalowaponza wageni wengi ni kuanza na shida. Unamfuata mwenye duka na kuuliza bei, au askari na kuuliza njia, bila salamu. Atakujibu, lakini kwa ufupi, na bei itapanda. Umemtumia kama kibao cha barabarani.

Kwa Wayoruba, shika kwanza herufi moja: ẹ. Hiyo ndiyo "nyinyi" ya heshima, ya kila aliyekuzidi umri, hata kwa miaka miwili mitatu, na ya usiyemjua. O ni ya rika lako na wadogo zako. Asubuhi sema ẹ káàárọ̀, mchana ẹ káàsán, usiku ẹ káalẹ́. Kisha inakuja ẹ kú, ambayo huunganishwa na hali uliyomkuta nayo mtu. Yuko kazini: ẹ kú iṣẹ́. Amekaa: ẹ kú ìjókòó. Mmepoteana kitambo: ẹ kú ọjọ́ mẹ́ta. Ametoka kugharimia sherehe: ẹ kú ìnáwó. Ni mantiki ileile ya "pole na kazi": unamwonyesha kwamba umeiona jitihada yake. Ukijifunza hizo nne tu, milango mingi itafunguka.

Mwili nao husalimia. Kwa desturi mwanamume hulala kifudifudi mbele ya mkubwa wake na mwanamke hupiga magoti. Mjini wengi siku hizi huinama tu au hukunja goti kidogo. Mgeni hatarajiwi kulala chini. Kuinama kunatosha, ila usimnyoshee mzee mkono wewe kwanza, kwa kuwa kunyosha mkono ni kujilinganisha naye. Ngoja aanze yeye. Na báwo ni, "habari gani", ibaki kwa wenzako wa umri mmoja.

Kwa Wahausa salamu ni mlolongo, na ukiukatisha utaonekana una kiburi. Asubuhi: ina kwana, umelalaje? Jibu ni lafiya lau. (Lafiya hiyo ni ndugu ya afya yetu, yote mawili yametoka Kiarabu.) Kisha ina gajiya, uchovu vipi? Ba gajiya, hakuna uchovu. Kisha yaya aiki, kazi vipi, na yaya iyali, familia vipi? Jibu la kwanza huwa jema daima. Habari ya ugonjwa au msiba huja salamu zikiisha. Mwulize mwanamume habari za iyali, usimtaje mkewe kwa jina. Ukifika kwake piga hodi kwa salamu alaikum na usubiri zaure, chumba cha mlangoni wanakopokelewa wageni wa kiume. Kupita hapo bila kuitwa ni kuvunja heshima ya nyumba nzima.

Wahausa pia wana kunya, haya ya kujizuia. Usishangae ukimwona mama asiyemwita mtoto wake wa kwanza kwa jina wala kumkumbatia mbele za watu. Ndivyo upendo huo unavyositiriwa. Usimlazimishe amsifu. Msifu mtoto wewe, kwa dua.

Pole ipo pande zote tatu: sannu kwa Kihausa, pẹ̀lẹ́ kwa Kiyoruba, ndo kwa Kiigbo. Ukijikwaa barabarani, mtu asiyekujua atakupa pole. Hakiri kosa wala hakucheki, kwa hiyo usimjibu "si wewe uliyenisukuma". Shukuru, upite.

Majina

Mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Mama wa Chidi ni Mama Chidi, kama kwetu. Kaskazini tumia Alhaji kwa aliyehiji, Hajiya kwa mwanamke, Malam kwa mwalimu na mtu wa heshima. Kwa Wayoruba kaka au dada mkubwa ni ẹ̀gbọ́n, hata asiwe ndugu wa damu. Mwenye cheo cha kimila akitajwa bila cheo hicho hukaa kimya, na kimya chake kina maana. Ukiwa na shaka, panda ngazi: mtu hakasiriki kwa kuongezewa heshima.

Kola: hapa usikosee hatua

Nyumbani kwa Muigbo, mgeni akiketi huletewa kola, ile kokwa chungu ya kutafunwa, kwa Kiigbo ọjị. Wenyewe husema onye wetara ọjị wetara ndụ, aliyeleta kola ameleta uhai. Kabla haijamegwa, mazungumzo mazito hayaanzi. Huwekwa kwenye sahani au bakuli la mbao, mara nyingi pamoja na ose ọjị, siagi ya karanga yenye pilipili, na nyanya chungu mbichi.

Kwanza sahani huzungushwa wageni waione, kwa mpangilio wa ukoo. Usiishike kabla ya zamu yako, utaelekezwa. Ikikufikia, iguse kwa mkono wa kulia, irudishe. Mzunguko ukiisha, kola hurudi kwa mwenyeji, naye atasema ọjị eze dị eze n'aka: kola ya mfalme imo mkononi mwa mfalme. Mzee kuliko wote huiombea kwa Kiigbo, maana husemwa kwamba kola haisikii lugha nyingine, nanyi mtaitikia isee kila dua inapotua. Kijana ndiye huimega na kuigawa.

Watahesabu vipande, nawe tulia. Kola ya Waigbo, ambayo wataalamu wa mimea huiita Cola acuminata, hugawanyika kwa asili sehemu tatu hadi sita. Nne ni heri, kwa kuwa siku za soko la Waigbo ni nne: Eke, Orie, Afọ na Nkwọ. Ile yenye sehemu mbili tu, gworo, wanaitafuna lakini haifai kwa ibada hii. Mgeni anayetaka kupeleka kola kwa wakwe huharibu hapa: ananunua gworo hiyo, goro la Wahausa, sokoni kwa sababu ni kubwa na jeupe, kisha anashangaa wazee wakitazamana. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ọjị Igbo.

Kola ni chungu na ina kafeini. Meza kidogo, usiteme. Usipoweza, funga kipande mfukoni uende nacho. Hilo ni adabu, maana husemwa kola ikifika nyumbani itaeleza aliyeitoa. Kuikataa ndiko kunakoumiza, kwa sababu unamwambia mwenyeji kwamba hakukupokea. Mwanamke kwa desturi haimegi wala haiombei, lakini hupewa kipande chake.

Chakula na mkono

Kila kitu kinatolewa na kupokelewa kwa mkono wa kulia. Ukimkuta mtu anakula atakukaribisha, hata sahani ikiwa ya mtu mmoja. Aghalabu ukaribisho huo ni wa heshima. Kwa Myoruba jibu á gba ibi ire, kipite njia njema, sawa na sisi tunavyojibu "starehe". Akirudia mara ya pili na kukusogezea kiti, kaa, ule hata tonge tatu.

Kutoa pesa na msaada

Mkubwa anapoagana na mgeni mdogo wake, mara nyingi humpa "nauli". Zikunje noti, ziweke kiganjani wakati wa kuagana, usitaje kiasi. Kama unayetaka kumsaidia ni mtu mzima mwenye watoto, mpe mtoto "za biskuti" ukijua zitakakofika. Ukitoa mbele ya kundi umemuuza.

Kwa aliyepungukiwa kwa muda mrefu, njia yenye staha kuliko zote ni mchezo wa kuchangiana zamu kwa zamu, kama upatu wetu: àjọ au èsúsù kwa Wayoruba, isusu kwa Waigbo, adashi kwa Wahausa. Mwingize kwenye kundi, halafu omba kimyakimya zamu yake isogezwe mbele. Atapokea kitita kama mwanachama, atachanga kama mwanachama. Kiwango kiwe kile anachokimudu katika wiki yake mbaya. Akishindwa kuchanga mara mbili ataona aibu na kuacha kuja, na umempotezea pesa na marafiki pia.

Waigbo wana njia kubwa zaidi: kijana huishi na mfanyabiashara, humtumikia miaka kadhaa Onitsha, Nnewi au Aba, kisha bosi humpa mtaji wa kuanza duka lake. Wengi walisimama tena hivyo baada ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Palipo na dosari ni mwishoni: siku ya kutoa mtaji ikikaribia, bosi asiye mwaminifu humsingizia kijana wizi. Kwa hiyo familia mbili zikubaliane miaka mapema, mbele ya mashahidi, na hesabu za duka zikaguliwe kila mwaka badala ya kungoja siku ya mwisho.

Kwenye sherehe utaona watu wakiwatuza wenye harusi kwa noti, kama kwenye taarabu. Tahadhari: kifungu cha 21 cha Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya 2007 kinakataza kurusha noti za naira na kuzikanyaga kwa kucheza. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili, na mwaka 2024 watu walifungwa kweli. Tia pesa kwenye bahasha, andika jina lako nyuma.

Kumjenga mtoto

Myoruba hukua na oríkì, maneno ya sifa yanayotaja ukoo wake na yeye mwenyewe. Wengi huwa pia na jina fupi la oríkì: Àbẹ̀ní ni aliyepatikana kwa kuombwa, Àjọkẹ́ ni wa kudekezwa na wote. Mama au bibi humwita hivyo anapomsalimia asubuhi, anapombembeleza, anapomtuma kazi ngumu. Ukimlea mtoto wa Kiyoruba au ukioa huko, mwombe bibi akufundishe oríkì ya nyumba, uitamke sawasawa na vipandishi vyake vya sauti, maana Kiyoruba sauti ikibadilika na neno hubadilika. Usiitumie kwa utani wala wakati wa kugomba. Ikishatumika kukaripia, mtoto ataisikia kama onyo.

Kumkosoa mtu mzima ni faraghani, baada ya salamu kamili, na akiwa mkubwa wako pitia kwa mkubwa mwenzake.

Asubuhi ya pili

Umekula, umepewa nauli, umeshukuru na kuondoka. Kwa Myoruba shukrani hiyo ni nusu. Kesho yake, kabla ya neno lingine, sema ẹ kú àná, asante ya jana. Kwa simu inafaa. Kwa Mhausa shukuru kwa dua, Allah ya saka da alheri, Mungu akulipe heri, naye ataitikia amin. Kwa Muigbo, daalụ. Ukisahau siku hiyo, usinyamaze kwa aibu hata wiki ikipita: anza na ẹ kú ọjọ́ mẹ́ta, kisha ukitaje kitu chenyewe ulichopewa, kwa jina lake.