Bunduki mpya ya upepo, ijaribu asubuhi

Wadau mliopata bunduki ya upepo ya kujaza presha kwa pampu, msilaumu mtutu mapema. Yangu siku ya kwanza hapa Makambako niliijaribu mchana, upepo wa huku mnaujua, matundu yakatawanyika karatasi nzima. Kesho yake saa 12 asubuhi kumetulia, nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, mita 25, nikapiga risasi 5 kwa kila aina niliyonayo maana kila mtutu una risasi inayoupenda, na kweli aina moja ikakusanya matundu yote unafunika na kizibo cha soda! Nimeipenda sana. Halafu ukishajaza subiri kwanza, hewa ya pampu inakuwa ya moto, ikipoa geji inashuka.