Namna ya Kutambua na Kulinganisha Taa Kongwe za Barabarani za Marekani

Taa ya barabarani ambayo Wamarekani huiita kichwa cha swila, kwa sababu ya ubapa wake na mkono uliopinda unaoibeba kama shingo ya nyoka aliyejiinua, ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikatawala barabara za nchi hiyo kwa nusu karne. Sasa inashushwa kwa kasi. Jiji la Los Angeles pekee lilianza mwaka 2009 mpango wa kubadilisha takriban taa 140,000 ziwe za LED, na vichwa vilivyoondolewa katika miji ya namna hiyo huishia kwenye vyuma chakavu au mikononi mwa watu wachache wanaovithamini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekipata kimoja au viwili na anataka kujua ana kitu gani.

Usianze kulinganisha kwa umbo la nje. Makampuni yaliigana kwa muda mrefu, na kichwa kilekile kingeweza kutoka kiwandani kikiwa na balbu ya zebaki, ya sodiamu au ya metali halaidi bila ganda lake kubadilika hata kidogo. Tofauti za kweli ziko katika mambo matatu: vifaa vya umeme vimekaa wapi, mwanga unapindwa kwa njia gani, na fundi aliyeko juu ya ngazi anakifunguaje.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha hakuna umeme, kisha kagua kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Ikiwa imetengenezwa kabla ya mwaka 1979, ambapo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa kemikali ziitwazo PCB, mafuta yaliyomo yanaweza kuwa na sumu hiyo. Zilizotengenezwa baadaye mara nyingi zimeandikwa wazi kwamba hazina PCB. Ukiona imevimba au inavuja, usiiguse kwa mikono mitupu wala usiitupe na taka za nyumbani. Balbu pia zishikwe kwa uangalifu, kwani si zile za zebaki peke yake zenye zebaki ndani. Nyingi za sodiamu ya shinikizo kubwa zinayo vilevile.

Kisha geuza kichwa utafute kibandiko cha tumboni, kile kilichokusudiwa kusomwa na mtu aliyesimama chini ya nguzo. Rangi yake inataja aina ya balbu: manjano ni sodiamu ya shinikizo kubwa, buluu ni zebaki, nyekundu ni metali halaidi. Namba yake ni wati zilizogawanywa kwa kumi, kwa hiyo 10 ni wati 100, 25 ni wati 250 na 40 ni wati 400, ila 17 husimama badala ya wati 175. Kibandiko cha buluu kina uzito wa pekee kwa mkusanyaji, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2008 balasti za zebaki (vifaa vinavyodhibiti mkondo wa umeme kwenye balbu) za kuwashia taa za kawaida haziruhusiwi kutengenezwa wala kuingizwa nchini humo.

Jina la kampuni nalo husaidia kukisia umri. Kichwa chenye jina la Westinghouse, ambayo mfululizo wake wa OV uliitwa Silverliner, kwa kawaida hakipiti mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu kampuni hiyo iliiuzia Cooper biashara yake ya taa mwaka 1982, na miundo iliyoendelea kutengenezwa baada ya hapo ikabeba jina jipya. General Electric yenyewe iliendelea kwa miongo mingi na mfululizo wa M, hasa M-250 na M-400, hivyo kwa taa zake jina halitoshi. Soma herufi zinazofuata namba ya muundo, kisha utafute tarehe iliyopigwa kwenye balasti au kapasita. Kumbuka tu kwamba vifaa hivyo huenda vilibadilishwa na mafundi, kwa hiyo tarehe moja isiyooanishwa na nyingine isikupe uhakika.

Sasa fungua mlango, yaani kifuniko cha chini cha kichwa. Katika vichwa vingi vya kale, balasti imefungwa kwa skrubu ndani ya ganda, nyuma ya rifleta (bamba linaloakisi mwanga), na kuibadilisha kulimlazimu fundi afanye kazi mikono yake ikiwa juu ya kichwa chake, huku akiushika mzigo mzito wa chuma na waya za shaba. M-400A ya General Electric ilijibu tatizo hilo kwa namna ninayoiona kuwa ndiyo ya busara kuliko zote: balasti, kapasita na ignaita (kifaa kinachoipa balbu mpigo wa kuiwasha) vimepangwa juu ya mlango wenyewe, unaochomolewa mzima na kuwekwa mwingine. Ukiushika mlango huo utashangaa uzito wake, na utaona jinsi plagi ya waya inavyoachia bila kukata hata waya mmoja. Silverliner ninaipenda kwa macho, kwa mistari yake laini ya aluminiamu; lakini kama ningekuwa fundi wa zamu usiku wa mvua, ningeomba M-400A.

Uwepo wa ignaita ni ushahidi mwingine. Balbu ya zebaki haihitaji. Ile ya sodiamu ya shinikizo kubwa kwa kawaida huhitaji mipigo ya volti 2,500 au zaidi ili iwake. Kichwa kilichoandikwa sodiamu lakini hakina ignaita huenda kimepungukiwa na kitu.

Mwanga ndipo penye mengi ya kutazama. Shika kioo cha chini uelekeze dirishani: kile kilichotuna kama bakuli kina matuta membamba ndani na nje, na kila tuta limechongwa ili lisukume mwanga pembeni kufuata barabara, jambo lililoruhusu nguzo kuwekwa mbali zaidi. Kioo bapa hakina matuta. Kazi yote inaachiwa rifleta, na hakuna mwanga unaopanda juu ya mstari wa upeo. Bakuli huchoma macho ya dereva na kupoteza mwanga angani, ila hueneza vizuri. Usilinganishe bakuli na bapa kabla ya kuona holda ya balbu ilipo, kwani bamba linaloishikilia lina matundu kadhaa, na kuisogeza tundu moja hubadilisha umbo la mwanga barabarani. Iandike nafasi hiyo kabla ya kulegeza skrubu, na usihamishe kioo cha kichwa kimoja kwenda kingine.

Kwa nguvu ya mwanga, balbu ya zebaki ya wati 400 hutoa kama lumeni 20,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), na ya sodiamu ya wati 400 hutoa kama 50,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyoziondoa za zebaki barabarani, ingawa rangi yake nyeupe yenye ubuluu ilipendeza zaidi kuliko chungwa la sodiamu.

Anayetaka kukileta kichwa Afrika Mashariki na kukiwasha asome hapa kwa makini. Balasti za Marekani zimeundwa kwa umeme wa hezi 60, na wetu ni hezi 50. Kwa volti ileile, uzuiaji wa koili ya waya iliyo ndani ya balasti hupungua kwa sehemu moja ya sita, mkondo huongezeka, na chuma cha balasti huchemka hata kama waya umeunganishwa kwenye alama ya volti 240. Weka balasti ya hezi 50, na balbu inayooana nayo: balbu nyingi za sodiamu za Marekani za wati 150 hufanya kazi kwa volti 55, ilhali za Ulaya hukaribia 100, na hazibadilishani ingawa holda zinakaribiana ukubwa. Ile balasti ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye kitambaa, uandike juu yake namba ya kichwa ilikotoka, uihifadhi pamoja nacho.