Kupanga mwaka wa kituo cha sanaa cha mtaani: kutoka daftari langu la Iringa

Kalenda ya kituo chetu hapa Kihesa haianzi Januari. Inaanza Mei, mvua zikishakatika, kitambaa kikianza kukauka siku hiyohiyo kinapoanikwa, na kina mama wasukaji wakipata nafasi ya kupumua kati ya palizi na mavuno. Wenzangu wa Mafinga, Njombe na Tukuyu mnaoniuliza tunapangaje shughuli za mwaka mzima bila mfadhili wa kudumu, kazi ya kwanza ni hii: wekeni pembeni kalenda ya ukutani, kaeni na wasanii wenu, mmoja baada ya mwingine, muwaulize mambo matatu. Malighafi yako inapatikana lini? Kazi yako inakauka lini? Na wewe mwenyewe uko shamba lini? Andikeni majibu kwenye karatasi moja kubwa. Mkimaliza mtaona miezi mizuri imejitokeza yenyewe, na mibaya pia.

Mimi ni mratibu, maana yake nashika funguo, daftari la mauzo na lawama. Jengo letu lilikuwa ghala la mahindi. Ndani kuna mchoraji, dada wa batiki, mzee mchongaji, mfinyanzi, na kikundi cha wasuka vikapu ambao huja na kuondoka kwa kufuata jembe. Hakuna anayelipwa mshahara. Kila mmoja anauza kazi yake na kituo kinabakiza asilimia 20 ya bei kwa ajili ya umeme, maji na mlinzi.

Mvua kwanza, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine unagusa Mei. Miezi hiyo msipange chochote cha uwanjani. Batiki haikauki, inanuka. Vyungu ndiyo kabisa: udongo unaonekana mkavu kwa nje kumbe ndani una maji, ukiupeleka motoni maji yanageuka mvuke na chungu kinapasuka kwa mlio wa kumtoa mtu machozi. Mfinyanzi wetu hukanda udongo na chengachenga za vyungu vilivyovunjika ili upumue, hukausha kivulini kwanza ndipo aanike juani, na hata hivyo katikati ya masika hachomi. Anafinyanga na kupanga rafuni.

Kwa hiyo masika ni msimu wa kazi za ndani na wa watoto. Desemba shule zimefungwa, wazazi wanatafuta pa kuwapeleka watoto, na paa letu halivuji (sana). Asubuhi watoto wanachora, mchana wanafinyanga. Hapa kuna ujanja ambao ningependa kila kituo kiuige: vyungu vya watoto msivichome Desemba. Andikeni jina la mtoto chini ya chungu kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi, vipangeni mahali pakavu ambapo panya na mafagio hayafiki, mwambieni mzazi, "Tutakuita kikienda motoni." Juni ikifika, shule zimefungwa tena, nyasi kavu, kuni kavu, mnawaita. Atakuja mtoto, mama, bibi na jirani, wote kuangalia chungu kimoja cha ukubwa wa kikombe. Tayari mna hadhira ya shughuli yenu ya kwanza ya kiangazi bila kuchapisha bango hata moja.

Uchomaji wenyewe ufanyike asubuhi. Juni na Julai kuna baridi, na kadiri jua linavyopanda upepo wa Iringa unaamka. Moto wa wazi na upepo wa saa saba havipatani. Anzeni saa moja, vyungu vipashwe taratibu pembeni mwa moto kabla ya kufunikwa kwa nyasi na kuni. Wageni waambiwe waje saa tatu, wakute moto umeshatulia. Watu hawachoki kuutazama, na ndio wakati mzuri wa kuuza chai na vitumbua.

Januari hadi Aprili wasukaji msiwategemee. Wako kwenye kupalilia, na anayewalazimisha kuja atapata vikapu vilivyosukwa kwa hasira. Milulu yao, yale majani ya kusukia, nunueni mapema, Septemba na Oktoba, ikiwa imekauka vizuri, muihifadhi juu ya dari penye hewa. Ikiingia unyevu inaota ukungu na rangi yake nzuri ya manjano inakuwa kama ya mkeka wa msibani. Kuna jambo jingine la msimu ambalo wageni hawalijui: masika ndipo mianzi inapotoa ulanzi, ile pombe yake. Mkiwa na kikundi cha ngoma kinachofanya mazoezi kwenu, wekeni mazoezi asubuhi. Ikifika saa kumi jioni hamtampata mpiga ngoma, au mtampata akiwa amechangamka kupita kiasi.

Sasa siku kubwa. Sisi tunayo moja tu kwa mwaka, tunaiita Siku ya Karakana, na tunaiweka wiki ya tatu au ya nne ya Agosti. Sababu zake ni za tumboni na mfukoni. Mahindi yameshavunwa na mengine yameshauzwa, hivyo watu wana hela kidogo. Wageni wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha wanapita mjini kwetu kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu. Na Nane Nane imeshapita. Hilo la mwisho msilidharau: wiki ya kwanza ya Agosti kanda nzima inaelekea Mbeya, viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, na hata wasanii wenu wenyewe watataka kwenda kuuza huko. Waacheni waende. Wape kadi ndogo zenye ramani ya kituo wazigawe kwa wanunuzi, halafu nyie fanyeni yenu wakisharudi.

Hatari ya Agosti ni harusi. Viti, mahema na spika vyote viko kwenye sendofu. Wekeni oda Juni na mlipe kishika nafasi mkapewe risiti. Siku tunayopenda ni Jumamosi kuanzia saa nne, lakini tuna majirani Wasabato, kwa hiyo tunaendelea Jumapili kuanzia saa nane, makanisa yakishatoka. Kamba za hema zifungwe kwenye vigingi vya chuma, si mawe. Picha za kuchora zisitundikwe nje kwa klipu. Upepo ukichukua moja, itatua Mtwivila.

Vibali ni vifupi mkianza mapema. Mwenyekiti wa mtaa apate barua, Afisa Utamaduni wa halmashauri apate nakala na awaambie kama kuna kingine kinachotakiwa, na kama mtapiga muziki wa watu wengine ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya siku yenyewe. Wasanii wasiosajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wasaidieni kujaza fomu miezi ya mvua, mkiwa na muda.

Niseme sasa lile ninaloliamini kuliko yote. Mtu wa Iringa hapandi bajaji kutoka Ipogolo kuja kuangalia picha zilizotundikwa ukutani. Anakuja kumwona mtu akifanya kazi. Wanaotembelea Neema Crafts hapa mjini, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wakirudi nyumbani hawasimulii duka. Wanasimulia karakana, mafundi, na karatasi inayotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Kwa hiyo msanii akiwa kazini ndiye onyesho, na mpangilio wenu wote wa siku hiyo uwe wa kumlinda.

Tatizo ni kwamba kazi nyingi za mikono ni za polepole. Mgeni ana nusu saa, kikapu kina siku kadhaa. Dawa yake ni kuandaa hatua. Msuka vikapu awe na kitako kilichoanzwa tu, kingine kilichofika nusu ya ubavu, kingine kinachosubiri mikono ya ngozi, na kimoja kilichokamilika. Yeye anasuka kimojawapo, vingine vinaongea. Dada wa batiki naye ana vitambaa vitatu: kilichochorwa kwa penseli, kilichopakwa nta, kilichotoka kwenye rangi ya kwanza. Mgeni akisimama hapo dakika tano ameelewa safari nzima, na bei haimshtui tena. Mchoraji wetu, anayefuata mtindo wa Tingatinga, huweka mbao za mraba zilizopakwa rangi ya chini tu, kisha mbele ya watu anaanza ndege mmoja. Hapo huwaeleza vijana kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza na vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za dukani, Dar es Salaam, mwaka 1968, na mwaka 1972 alikuwa ameshafariki. Miaka minne tu! Vijana wanaosema hawana vifaa hunyamaza.

Kila msanii awe na msemaji. Kijana mmoja, hata mwanafunzi, akae kando yake ajibu maswali yale yale: hii inachukua muda gani, udongo unatoka wapi, mnauzaje. La sivyo msanii ataongea siku nzima na jioni hana alichofanya. Bei ziandikwe kwenye kila kitu. Mtu mwenye udongo hadi kwenye viwiko hapaswi kuvutana na mteja juu ya shilingi elfu mbili. Na msemaji awafundishe wageni kusalimia kabla ya kutoa simu ya kupiga picha. Kwetu unasema "Kamwene," unaitikiwa "Kamwene," halafu unaomba. Wasukaji wetu wazee hawakatai picha, wanakataa kupigwa picha kama mnara.

Meza ya batiki ina masharti yake. Nta ya moto iwe ndani ya kamba, watoto wasivuke. Asubuhi ya Agosti ni baridi, nta inagandia juu ya kitambaa badala ya kuzama, kwa hiyo rangi itapenya baadaye na kuharibu mchoro. Asianze kabla ya saa nne, na jiko liwe karibu na mkono wake. Nta ikishika moto msimwagie maji hata kidogo, yatairusha. Funikeni sufuria kwa mfuniko wake, mzime jiko bila kuisogeza sufuria. Mfuniko huo uwekwe pale pale mezani tangu mwanzo. Kostiki na haidro, zile dawa kali za kuchanganyia rangi, zifungiwe kabatini siku hiyo; rangi ionyeshwe ikiwa imeshachanganywa, na anayetumbukiza kitambaa avae glavu.

Septemba na Oktoba ni miezi ya kualika msanii wa mbali. Ndoto yetu ya kila mwaka ni wafinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe, kule ziwani Nyasa, wale kina mama wanaofinyanga bila gurudumu na vyungu vyao vinasafiri kwa mtumbwi hadi sokoni Matema. Nauli kutoka huko si ndogo: Matema hadi Kyela, Tukuyu, Mbeya, kisha zaidi ya kilomita 300 hadi Iringa. Mkimwalika mtu wa namna hiyo, nauli ya kuja na kurudi mtumieni kabla hajapanda gari, kwa simu, na mkubaliane posho kwa siku. Msimwambie "utajitangaza." Mpeni chumba chenye blanketi mbili, maana anatoka kwenye joto la ziwani. Na muulizeni kama aje na udongo wake. Mfinyanzi anaujua udongo wake, wa kwetu unaweza kumgomea. Vyungu vifungwe kwa nyasi kavu ndani ya tenga na visikae juu ya keria ya basi hata kondakta aapeje.

Mafunzo ya jioni kwa watu wazima yawekeni miezi hiyo hiyo, watu wasiozidi kumi kwa fundi mmoja, ada ilipwe mwanzoni. Wanaoahidi kulipa mwisho huwa wanahamishwa kikazi ghafla.

Novemba tunapanda juu ya paa na misumari. Hakuna cha kusimulia hapo.

Kuhusu fedha za Siku ya Karakana, kaunta iwe moja, mtu wa kaunta mmoja, na daftari la nakala. Mteja anachukua kitu mezani kikiwa na kikaratasi chenye jina la msanii na bei, analipa kaunta, kikaratasi kinabaki kwenye sanduku. Malipo ya simu yaingie kwenye namba moja ya kituo, msiruhusu kila msanii ataje yake. Jioni kabla ya kushusha mahema, mwageni vikaratasi mezani, vitengeni kwa majina, jumlisheni mbele ya wasanii wote, mkate asilimia yenu na kila mtu aondoke na chake usiku huo huo akiwa ametia sahihi. Kikaratasi kisicho na jina huwa kipo kimoja au viwili. Hicho tunakipeleka kwa mzee mchongaji, anatazama bei, anatutajia ni kazi ya nani, na mpaka sasa hajabishiwa.