Kabla ya kumtoa mtoto kwenye kiti cha mikanda mitano

Mwanangu wa pili alitimiza miaka minne mwezi wa tisa. Jioni ile nkambo yake, yaani bibi yake, mama mkwe wangu, alimtazama nikimfunga nyuma ya gari, akauliza, "Huyu bado anafungwa kama mtoto mchanga?" Dada yake mwenye miaka saba anakalia kiti cha kuinulia, anavuta mkanda wa gari mwenyewe, anaufunga, klak, na mdogo wake anamwangalia kwa wivu. Swali la mama mkwe halikuwa la ubishi. Wazazi wengi hapa Lubumbashi wanaliuliza: lini sasa? Na wengi tunajibu kwa kuhesabu miaka, hesabu ambayo ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote.

Kwanza tuelewane kazi ya kila kiti. Kiti cha mikanda mitano kinamshika mtoto chenyewe: mabega mawili, nyonga mbili, na mkanda mmoja katikati ya miguu. Gari likigonga, nguvu inagawanyika mwilini mwake na kiti kinaibeba. Kiti cha kuinulia hakimshiki mtoto hata kidogo. Kinamnyanyua tu, ili mkanda wa gari, uliotengenezwa kwa mwili wa mtu mzima, umpite mahali panapofaa. Kuanzia siku hiyo kazi yote inabaki kwa mkanda wa gari na kwa mtoto mwenyewe, kwa jinsi anavyokaa. Ndiyo maana mimi sioni kuhamia kiti cha kuinulia kama kupanda darasa. Ni kupunguza ulinzi kiasi, na inafaa kufanywa pale tu kiti cha zamani kinapokuwa hakimtoshi tena.

Hakimtoshi lini? Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kiti, mara nyingi ni ya rangi ya machungwa. Viti vingi vilivyotengenezwa kwa kanuni ya Ulaya iitwayo R44 vinaishia kilo 18. Vile vya kanuni mpya, R129, vinahesabu urefu, na vingi vya mikanda mitano vinaishia sentimita 105. Kisha angalia mwili wenyewe. Mabega yakipita tundu la juu kabisa ambamo mikanda inatokea, au ncha za masikio zikifika ukingo wa juu wa mgongo wa kiti, muda wake umekwisha hata kama mizani bado inaruhusu. Mpime kwenye mizani ya kituo cha afya mnapokwenda kwa jambo lingine, na urefu mpime ukutani, bila viatu, kisigino kimegusa ukuta.

Kuna mtego hapa. Kwenye maboksi ya viti vya kuinulia utasoma "kuanzia kilo 15" au "kuanzia sentimita 100", na mzazi anafurahi: mwanangu ana kilo 16, basi tayari. Hapana. Hicho ni kiwango ambacho chini yake ni marufuku. Hakisemi kwamba ukikifika uhame. Mtoto wa kilo 16 ambaye bado anaenea kwenye mikanda mitano, mwache humo.

Jambo la pili halipimwi kwa mizani, nalo ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu na binti yangu nilikosea. Alikuwa na miaka minne na nusu, mrefu, mwenye akili, nikamhamisha. Mjini hakukuwa na shida: kutoka Bel-Air hadi shule ni dakika chache, anakaa wima kama askari. Kisha tukasafiri kwenda Likasi, kilomita kama 120, malori ya shaba mbele na nyuma. Tulipopita nusu ya njia nikageuka. Alikuwa amelala, kichwa kimeangukia dirishani, matako yameteleza mbele, na mkanda wa bega ameupitisha chini ya kwapa kwa sababu ulimkera shingoni. Mkanda wa chini ulikuwa umepanda juu ya tumbo. Tulisimama pembeni, nikamrekebisha, na baada ya dakika kumi akawa vilevile.

Tumbo ndilo jambo lenyewe. Mtu mzima ana mifupa ya nyonga iliyojitokeza mbele, inayozuia mkanda usipande. Ya mtoto mdogo bado haijakomaa, kwa hiyo mkanda ukiwa umelegea au mtoto ameteleza, unapanda na kukandamiza tumbo laini, mahali palipo na utumbo, ini na bandama. Mkanda wa chini unatakiwa kulala juu ya mapaja, ukigusa nyonga. Wa juu upite katikati ya bega, mbali na shingo, bila kudondoka mkononi. Weka kidole chako pale kwenye nyonga ya mtoto, usikie mfupa, kisha tazama mkanda uko wapi. Nusu dakika inatosha.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, jaribu mwenendo wake. Gari likiwa limesimama uani, mkalishe kwenye kiti cha kuinulia, mfunge, ukae naye nusu saa mkipiga hadithi. Je, anainama kuokota kitu? Anautoa mkono nje ya mkanda? Anafungua kifungio kwa sababu anaweza? Mtoto anayefanya hivyo uani atafanya hivyo barabarani, na wewe macho yako yatakuwa mbele. Asubiri, hata kama jirani wa umri uleule ameshahama. Na kama safari zenu ni za usingizi, chagua kiti chenye mgongo na mabawa ya kichwani, kwa maana kikalio kitupu hakimzuii mtoto aliyelala asianguke upande. Kwa miundo mipya iliyosajiliwa Ulaya tangu 2017, vikalio visivyo na mgongo ni vya mtoto wa kuanzia sentimita 125 na kilo 22.

Sasa gari. Magari mengi yetu yametoka Japani kupitia Dar es Salaam, na mengine yana kiti cha katikati nyuma chenye mkanda wa kiunoni pekee. Kiti cha kuinulia kisiwekwe hapo kamwe. Kinahitaji mkanda wa kiunoni na wa begani pamoja, la sivyo kichwa cha mtoto kinarushwa mbele. Tena wengi tumeshonesha kava za viti, na vifungio vimezikwa chini yake. Vichimbue, vijaribu kimoja kimoja, vuta mkanda kwa nguvu ghafla uone kama unakaza. Kama usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia, kiti cha nyuma ya dereva ndicho kinachofunguka upande wa ukingo wa barabara. Mimi huweka mdogo hapo, ateremke mbali na magari yanayopita. Mbele hakai mtu mdogo. Wataalamu wanapendekeza kiti cha nyuma mpaka miaka 13.

Kununua kiti cha mitumba kunaeleweka, vipya ni ghali. Lakini geuza kiti chini juu. Tafuta karatasi ya kanuni. Kama imebanduliwa, kiache. Kama imeandikwa R44, tarakimu mbili za kwanza za namba ndefu ya usajili ziwe 03 au 04. Zile za 01 na 02 hazitumiki tena Ulaya tangu 2008. Angalia nyufa chini ya kitambaa na plastiki iliyopauka kwa jua. Ukweli wa kama kiliwahi kuwa kwenye ajali hutaupata kwa macho, ndiyo maana cha ndugu unayemfahamu ni bora kuliko cha sokoni.

Mambo madogo mawili. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huku ni baridi, watoto wanavaa makoti manene. Vua koti kwanza, funga mkanda, kisha mfunike nalo, maana unene wa koti unaacha nafasi ambayo itajitokeza gari litakapogonga. Na kiti cha kuinulia kisicho na mtu kifungwe pia kwa mkanda, kisije kikaruka.

Halafu zungumza na wote wanaoendesha: mjomba, dereva, jirani mnayepokezana kupeleka watoto shuleni. Waonyeshe kwa mkono, usiwaelezee kwa simu. Waambie pia kwamba kiti cha kuinulia ni cha miaka mingi. Mtoto hukiacha akifika karibu sentimita 145, mgongo umegusa nyuma na magoti yamekunjika vizuri ukingoni mwa kiti cha gari, na wengi hawafiki hapo kabla ya miaka 8, wengine hadi 12. Binti yangu ana 122. Bado yupo sana.

Na mdogo wake? Nilimpima Jumamosi mbele ya nkambo yake: kilo 16 na nusu, sentimita 101, na kati ya mabega yake na tundu la juu bado vinaenea vidole viwili. Mama mkwe aliweka vidole vyake mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mufunge vizuri." Tutapima tena mwezi wa kwanza.