Maneno ya Kuyaelewa Kabla ya Kununua Kiwanja Tanzania

Anayenunua kiwanja Tanzania, kwa lugha ya sheria, hanunui ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu yake. Ndiyo maana hati miliki huwa na muda, kama vile miaka 33, 66 au 99, na inafaa kumwuliza muuzaji mapema ni miaka mingapi imebaki.

Hati miliki hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa, maana yake kilichowekewa alama za mipaka ambazo wapimaji na madalali huziita bikoni. Nenda uzione kwa macho yako. Bikoni ni kipande cha zege kinachochomoza kidogo tu ardhini, mara nyingi kimefunikwa na nyasi, na namba iliyoandikwa juu yake inapaswa kulingana na ile iliyo kwenye ramani ya upimaji. Dalali anayesema eneo "limepimwa" bila kuonyesha bikoni hata moja huenda ana mchoro wa mipango miji pekee, ambao huonyesha matumizi yaliyopangwa, yaani makazi, shule au eneo la wazi, wala hauthibitishi ni nani mwenye kiwanja.

Chini ya hati zipo karatasi nyingine ambazo wauzaji huzichanganya, wakati mwingine kwa makusudi. Barua ya toleo, ambayo wengi huiita ofa, huonyesha kwamba mtu amepewa kiwanja kwa masharti, lakini hati bado haijatoka. Leseni ya makazi hutolewa kwa muda mfupi katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa. Kijijini kuna hatimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa, ambao watu wengi huufungia kabatini wakiamini ndiyo hati, ni ushahidi tu kwamba muuzaji na mnunuzi walikubaliana. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki kama hakuwa mmiliki tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo, hatua ambayo kwa maoni yangu haipaswi kurukwa hata kama muuzaji ni ndugu yako, ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Unapeleka nakala ya hati, unalipa ada, kisha unajibiwa kwa maandishi jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama kiwanja kina rehani, yaani kimewekwa dhamana ya mkopo, au kina zuio lililowekwa na mtu anayedai haki juu yake. Jina likiwa la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wa familia. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza inahitajika hata kama jina lake halimo kwenye hati.

Kodi nazo hukanganya. Kodi ya majengo hutozwa kwa jengo, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, kiasi kwamba mpangaji hujikuta akiilipa kila anaponunua umeme ilhali mdaiwa ni mwenye nyumba. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine kabisa: hulipwa kila mwaka na mwenye hati kwa ajili ya kiwanja chenyewe, hata kikiwa kitupu. Wakati wa kuhamisha milki huja pia kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayotokana na mauzo, ambayo ni mzigo wa muuzaji, na ushuru wa stempu, unaotozwa kwenye nyaraka za uhamisho. Mkataba useme wazi nani analipa nini, na sehemu ya bei ibaki mkononi mwako mpaka muuzaji alete stakabadhi za pango za miaka iliyopita, kwa kuwa deni lililolala juu ya kiwanja litakukwamisha siku ya kusajili jina lako.