Gari Linalogoma Kuwaka Likiwa na Moto: Mambo ya Kuandaa Kabla Halijagoma Tena

Hitilafu hii inachosha kwa sababu moja: gari likifika gereji limeshapoa, na linawaka mara moja. Fundi anageuza ufunguo, injini inaitika, naye anabaki kukisia. Mimi nimelipia makisio hayo. Nilibadilishiwa betri, nikabadilishiwa stata, na mwisho ikaonekana kwamba kilichokuwa kikizingua ni sensa ya krankshafti, kidude cha kutosha kiganjani kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ushahidi hupoa pamoja na injini. Kwa hiyo kazi yako ni kuwa tayari kuushika katika zile dakika chache ambazo gari bado limegoma.

Anza kwa kuelewa kinachotokea ukizima. Pampu ya maji inasimama, upepo wa mbele unakatika, na joto lililo ndani ya chuma linaanza kupanda kwenye kila kitu kilicho chini ya boneti. Kwa robo saa hadi nusu saa hivi, baadhi ya vifaa hupata joto kuliko lile vilivyokuwa nalo gari likitembea. Ndiyo maana ukizima kwa dakika moja gari huweza kuwaka, ukizima kwa dakika kumi na tano likagoma, na baada ya saa moja likawaka kana kwamba halijawahi kuumwa. Weka daftari garini, na kila linapogoma andika: limezimwa kwa muda gani, geji ya joto ilisimama wapi, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kupima gari siku ambayo halina tatizo. Bila vipimo vya siku njema, vya siku mbaya havikuambii kitu. Chukua multimita, kile kipimo cha umeme, asubuhi: betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6; injini ikiunguruma, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Mwombe mtu apige stata huku wewe unaangalia. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Angalia pia mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi wakati stata inazungusha. Katika magari mengi hutikisika kidogo, katika mengine hautikisiki kabisa, nawe unapaswa kujua la kwako ni la aina gani kabla siku ya tatizo haijafika.

Siku hiyo ikifika, swali la kwanza ni hili: stata inazungusha injini, au haizungushi?

Isipozungusha, au ikizungusha kwa kujikokota, mafuta na plagi viache kwanza. Waya wa shaba ukipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi; ukipanda nyuzi 100 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 40. Stata iliyochakaa, teminali yenye kutu au waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi ya gari) uliolegea huvumilika asubuhi, halafu moto ukizidi vinashindwa. Pima volti palepale ulinganishe na za asubuhi. Kama gari ni otomatiki, jaribu pia kuliwasha gia ikiwa N badala ya P; likiwaka, huenda swichi ya gia ndiyo inayoizuia stata.

Ikizungusha vizuri lakini injini haishiki, tazama ule mshale. Ukiwa kwa kawaida hutikisika na leo umelala kwenye sifuri, ishuku sensa ya krankshafti. Unaweza kuipoza kwa kitambaa kibichi, ikiwa inafikika bila kugusa sehemu za moto. Gari likiwaka baada ya hapo, una la kumwambia fundi. Mshale ukitikisika, nusa. Harufu kali ya petroli ina maana injini imelowa, labda nozeli, inayonyunyizia petroli kwenye injini, inavuja au sensa ya joto inaidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi. Mashine ndogo ya kusoma kompyuta ya gari itakuonyesha: kama umetoka kuendesha nusu saa nayo inasoma nyuzi 20, sensa hiyo haisemi kweli. Katika magari mengi ya nozeli, kukanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata hukata petroli ili injini ijikaushe. Kama hakuna harufu, washa swichi bila kupiga stata, zima, rudia mara tatu ili pampu ijaze presha, kisha jaribu. Likiwaka hivyo, presha ya mafuta inapotea ukizima.

Dizeli ni habari nyingine: pampu iliyolika, au nozeli zinazorudisha mafuta mengi, hushindwa kujenga presha dizeli ikiwa nyepesi kwa joto. Hilo mwachie fundi mwenye vipimo vyake.

Kwenye buti weka multimita, glavu, tochi, kitambaa, chupa ya maji, kipimo cha spaki (cheche za plagi) na kigingi cha tairi. Usishike waya wa plagi kwa mkono ili kuona cheche, na usifanye jaribio hilo palipo na harufu ya petroli. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji yaliyo chini ya presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanakurukia usoni. Feni nayo inaweza kujiwasha yenyewe. Stata usiishike zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Iache ipumzike kabla ya kurudia.

Usisubiri tatizo likuchagulie mahali. Endesha nusu saa, egesha karibu na nyumbani, zima, subiri robo saa, jaribu. Likigoma, pima hapohapo. Ukienda gereji, panga na fundi gari lipimwe baada ya kuendeshwa. Na hadi litakapopona, jaza mafuta mwanzoni mwa safari, injini ikiwa bado haijashika moto, kwa sababu kituoni lazima uzime.